Jirani amepima kwake, wewe pima kwako: maswali yenu kuhusu radoni

Toleo lililopita nilipoandika kuhusu kununua nyumba ya kwanza ughaibuni niligusia kwa sentensi moja tu kwamba kabla hujasaini umuulize mkaguzi kuhusu gesi ya radoni, basi barua nyingi zilizokuja zimeng'ang'ania hiyo sentensi moja kuliko mambo yote ya mkopo na riba. Nimefurahi kweli, manake hili jambo watu wetu wengi hakuna anayewaambia. Yaliyofanana nimeyajibu pamoja.

Dada habari za kazi. Tumenunua nyumba hapa Brooklyn Park, Minnesota, ina besmenti nzuri ya chini ya ardhi tumeweka vitanda watoto wawili wanalala huko. Ajenti alituambia nyumba ya jirani ilipimwa radoni ikawa sawa kwa hivyo tusiwe na wasiwasi. Hii radoni ni nini haswa, na kama jirani yuko sawa si na sisi tuko sawa? – Mama wa watoto watatu

Hapana mama, na hapo ndipo wengi wanapojisahau. Radoni inatoka ardhini. Kwenye udongo na mawe karibu kila mahali duniani kuna urani kidogo kidogo, urani ikichakaa kwa miaka mingi sana inafika mahali inakuwa radiamu, radiamu nayo inatoa radoni, na radoni ni gesi kwa hiyo haitulii, inapanda juu. Ikitokezea uwanjani inapotea hewani haina neno. Ikitokezea chini ya nyumba inapenya kwenye nyufa za jamvi, yaani sakafu ya zege, pale ukuta unapokutana na sakafu, mabomba yanapopita, kwenye lile shimo la pampu ya maji, halafu ndani inajikusanya. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo, unaweza kukaa nayo miaka ishirini usijue. Yenyewe haikai sana, nusu yake inaisha kila baada ya siku 3.8, ila inapochakaa inaacha chembe za poloniamu na nyingine ambazo ukivuta hewa zinanasa kwenye mapafu na kutoa mionzi hapo hapo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linakadiria watu kama 21,000 kwa mwaka wanakufa kwa kansa ya mapafu iliyoletwa na radoni nchini humo, inafuata sigara tu, na kati yao kama 2,900 hawajawahi kuvuta sigara maishani.

Sasa kuhusu jirani. Nyumba mbili zimegusana ua, moja inaweza kuwa na kiwango cha chini kabisa na ya pili ikawa juu mara nyingi zaidi, kwa sababu udongo wa chini haufanani, nyufa hazifanani, hata namna nyumba inavyovuta hewa haifanani. Na kwenu Minnesota baridi inaongeza tatizo: madirisha yamefungwa miezi na miezi, hewa ya moto ndani inapanda inatokea juu, nyumba inafidia kwa kuvuta hewa kutoka chini, na hewa ya chini ndiyo yenye radoni. Idara ya afya ya jimbo lenu inasema nyumba 2 kati ya 5 huko zinapita kiwango cha kuchukua hatua. Mbili kati ya tano, yaani hiyo si bahati mbaya ya mtu mmoja, ni mtaa mzima.

Marekani yenyewe ilishtuka Desemba 1984 kule Pennsylvania. Injinia mmoja, Stanley Watras, alikuwa anafanya kazi kwenye kituo cha nyuklia cha Limerick kilichokuwa bado kinajengwa, kila akipita kwenye mashine za kukagua mionzi king'ora kinalia, watu wakadhani amechafuka kazini. Kumbe alikuwa anakuja nayo kutoka nyumbani. Walipopima sebule yake walikuta kama pikokyuri 2,700 kwa lita (ndicho kizio cha mionzi wanachotumia Marekani), wakati kiwango ambacho EPA inasema utengeneze nyumba ni 4. Familia ikahama mpaka nyumba iliporekebishwa. Ya kwako pengine haitafika huko, ila watoto wanalala besmenti, na besmenti ndiyo iliyo karibu na chanzo, kwa hiyo pima wiki hii, usingoje kiangazi.

Mambo vipi. Niko Des Moines Iowa, nimeenda duka la vifaa vya ujenzi nimekuta vipimo vya radoni vya dola 15 na vingine vya dijitali vya zaidi ya dola mia, sasa kipi ni kipi na kinawekwaje? Jamaa kazini aliweka chake jikoni juu ya friji. – Fundi wa magari

Umefanya vizuri kuuliza, na jamaa yako mwambie arudie, jikoni hakufai. Iowa kwenye ramani ya EPA kaunti zote 99 ziko kwenye kundi la juu kabisa, kwa hiyo huko kwenu kila nyumba inastahili kipimo.

Kile cha bei ndogo mara nyingi ni kikopo au kifuko chenye mkaa maalumu ndani. Mkaa unanyonya radoni iliyomo hewani, wewe unakirudisha maabara kwa posta, wanasoma. Muda wa saa 12 kabla ya kuanza funga madirisha na milango ya nje, ya kupitia tu unaruhusiwa, hita au kiyoyozi kiendelee kama kawaida, ila zile feni zinazovuta hewa ya nje zima. Usianze siku ambayo wametangaza dhoruba au upepo mkali, itakuharibia majibu. Kiweke ghorofa ya chini kabisa ambayo watu wanaitumia, sebuleni au chumba cha kulala, juu ya stuli au meza, nusu mita au zaidi kutoka sakafuni, mbali na dirisha, mbali na ukuta wa nje, mbali na tundu la hita. Bafuni, jikoni na chumba cha kufulia hapana kwa sababu unyevu unauchanganya mkaa. Kabatini pia hapana. Fungua kifuniko, andika tarehe na saa kwenye ile karatasi hapo hapo (watu wanaacha wanasema nitakumbuka, hawakumbuki, na maabara bila saa haiwezi kupiga hesabu), kiache siku ambazo maelekezo yanasema, nyingi ni siku mbili mpaka nne, waambie watoto wasikichezee. Ukimaliza funga kabisa, andika saa ya kumaliza, peleka posta siku ile ile. Nakazia siku ile ile kwa sababu nimeshakwambia radoni inapungua nusu kila siku 3.8, kikopo kikilala kwenye gari wiki mbili hakuna cha kusoma. Na angalia kama ada ya maabara imo kwenye bei uliyolipa, vingine unatakiwa kuongeza dola kadhaa wakati wa kutuma.

Vya muda mrefu vinakaa zaidi ya siku 90, hata mwaka, na hivyo ndivyo vinavyokupa picha ya kweli ya unachovuta, manake radoni inapanda na kushuka siku kwa siku, mvua, baridi, mgandamizo wa hewa, vyote vinaisukuma. Vya dijitali navyo vizuri kama unaweza kununua, ila usishtuke ukiona namba imeruka usiku mmoja, soma wastani wa wiki na miezi. Mimi ningeanza na cha mkaa, na kabla ya kununua piga simu ofisi ya afya ya kaunti yenu, nyingi zinauza kwa bei ya chini kabisa.

Jambo dada. Sisi ni familia kutoka Bukavu tunaishi Columbus Ohio, tunapanga apatimenti ghorofa ya kwanza kwa juu, nusu ya jengo iko chini ya ardhi. Nikiuliza ofisi ya apatimenti wanasema hiyo ni mambo ya wenye nyumba zao si wapangaji. Ni kweli? Na naogopa kuuliza sana wasije wakatufukuza. – Baba

Karibu sana baba. Si kweli, mapafu ya mpangaji ni mapafu. EPA inapendekeza makazi yote yaliyo chini ya ghorofa ya tatu yapimwe, yaani kuanzia vyumba vya chini ya ardhi na kupanda, kwa hiyo ninyi mmo kabisa. Ukienda juu zaidi kwa kawaida inapungua kwa sababu chanzo kikuu ni ardhi, ingawa njia ya lifti na mabomba ya hewa yanaweza kuisafirisha.

Kupima huhitaji ruhusa ya mtu. Hutoboi ukuta, hupaki rangi, ni kikopo juu ya meza ndani ya nyumba unayoilipia kodi. Hakuna sheria ya nchi nzima Marekani inayomlazimisha mwenye nyumba kupima, majimbo yanatofautiana, kwa hiyo njia nzuri ni wewe upime kwanza, ukiwa na karatasi ya maabara mkononi mazungumzo yanabadilika. Majibu yakizidi 4 waandikie, usiseme kwa mdomo tu, ambatanisha nakala, weka tarehe, omba wapime tena wenyewe na vyumba vingine vya jengo. Kama kiwango cha chumba chenu ni kikubwa basi cha wanaokaa chini yenu huenda ni kikubwa zaidi, waambie na majirani, mkienda watu wanne ofisini si sawa na mmoja. Kutengeneza ni kazi na gharama ya mwenye jengo, usianze kuziba ziba mwenyewe. Na kama lugha inakusumbua ofisi ya afya ya mji ikutafutie mkalimani, una haki ya kuomba, na mtoto asiwe ndiye anayetafsiri mambo ya kansa.

Majibu yangu yamekuja 6.2. Nina mimba ya miezi mitano sijalala tangu jana. Tuhame? Mume wangu anasema tufungue madirisha tu. – Msomaji, Minnesota

Pole sana mdogo wangu, na lala. Radoni si sumu ya leo na kesho, hatari yake inajengeka kwa miaka ya kuivuta, na kinachojulikana kuletwa nayo ni kansa ya mapafu. Kwa hiyo una muda wa kulishughulikia vizuri, ila usiliache.

Kwa namba kama 6.2 weka kipimo cha pili, cha siku chache au cha muda mrefu, uthibitishe. (Ingekuwa 8 kwenda juu ningekwambia rudia cha siku chache mara moja.) Vyote viwili vya muda mfupi vikitoa wastani wa 4 au zaidi ita fundi mwenye leseni ya radoni. Madirisha yanasaidia yakiwa wazi, ukifunga ndani ya saa kama 12 gesi inarudi ilipokuwa, na Januari ya Minnesota nani anaacha dirisha wazi.

Fundi atatoboa jamvi, ataingiza bomba la PVC mpaka kwenye kokoto chini ya sakafu, bomba linapanda mpaka juu ya paa, na feni iliyowekwa nje au darini inavuta hewa ya chini ya nyumba muda wote kabla haijaingia ndani. Nyufa anaziziba pia, lakini kuziba peke yake hakutoshi, anayekwambia atamaliza kwa silikoni tu mkatae. Kazi nyingi ni ya siku moja, na inaweza kupunguza kiwango kwa hadi asilimia 99. Ukutani kwenye bomba ataacha kimrija cha umbo la U chenye maji ya rangi. Kiangalie kila mwezi: maji yakiwa upande mmoja juu na mwingine chini, feni inavuta. Yakilingana pande zote feni imekufa, mpigie. Baada ya kazi pima tena ndani ya siku 30, halafu kila miaka miwili. Na kama kuna anayevuta sigara humo ndani aache, sigara na radoni pamoja ni mbaya kuliko kila moja peke yake.

Tuko Northampton, Uingereza. Hapa wanatumia namba nyingine kabisa, nimeona 200. Mbona hazifanani? – Mlezi wa wazee

Ni kipimo kingine tu. Uingereza na Ulaya wanahesabu kwa bekereli kwa mita ya ujazo, na 1 ya Marekani ni 37 ya huko, kwa hiyo ile 4 ni 148. Kwenu kiwango cha kuchukua hatua ni 200 na lengo ni 100. Shirika la Afya Duniani lilishauri 100 mwaka 2009, na nchi isiyoweza basi isivuke 300. Wanaopima watakutumia vijidude viwili vya plastiki, kimoja sebuleni kimoja chumba cha kulala, miezi mitatu, havina umeme wala havilii. Ndani kuna kipande cha plastiki ambacho mionzi inakikwaruza, maabara wanahesabu mikwaruzo. Northamptonshire ni kati ya maeneo yenye radoni huko, kama Devon na Cornwall, kwa hiyo agiza.

Mwanangu yuko Marekani ananiambia nipime nyumba ya Mombasa. Kweli na sisi huku? – Mama, Kisauni

Mama shikamoo. Mwanao anakujali, ila nyumba yako yenye madirisha wazi mchana na usiku na upepo wa bahari unapita haiachi gesi ikajikusanya kama nyumba iliyozibwa kwa ajili ya theluji. Ardhi zetu hazifanani lakini. Kule Mrima, Kwale, udongo una thoriamu nyingi na mionzi yake ya asili inajulikana siku nyingi, na thoriamu nayo inatoa gesi ya jamii hiyo hiyo, inaitwa thoroni. Kwa hiyo mtu anayekandika nyumba kwa udongo wa kilima kile ana sababu ya kuuliza. Wewe Kisauni endelea kufungua madirisha, na kama una chumba cha chini kimefungwa na kiyoyozi kinawaka muda wote na mtu analala humo, hicho mwambie mwanao akuletee kipimo akija likizo, cha miezi mitatu, kile cha plastiki, manake cha mkaa hakitafika maabara ya Marekani kwa wakati.