Maswali yenu ya Ngezi: popo, komba na shelisheli

Barua nyingi safari hii zinauliza Msitu wa Ngezi, huku kwetu kaskazini ya Pemba. Najibu nilizoziweza.

Ami, tunatoka Dar na watoto wawili, tuna siku mbili tu. Twende msitu wa Jozani, Unguja, au Ngezi? (Msomaji, Temeke)

Jozani. Siku mbili za Pemba zote zitaliwa na boti. Tena watoto watataka kima punju, wale kima wekundu, na pale wamezoea watu mpaka hawajali. Ni kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, adhuhuri mmesharudi. Mkibahatika mtawaona wakitafuna makaa. Wataalamu wanasema yanawapunguzia sumu ya majani ya mkungu na mwembe wanayokula. Ngezi nako wamo wachache, wazao wa walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970, lakini kuwaona ni bahati yako. Mkipata siku nne, njooni.

Eti Wapemba mnakula popo? (Mwanafunzi, Morogoro)

Tulikula, nikufiche nini. Popo wa Pemba haishi pengine popote duniani, na akitandaza mabawa hupita mita moja na nusu. Kwa bunduki na kukatwa miti, kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa anakaribia kwisha. Ndipo vijiji vikaanza kumlinda, Kidike kikiwa kimojawapo, na leo wamerudi kwa maelfu. Nenda Kidike mchana wa jua kali: wananing'inia kama miavuli iliyofungwa, kila mmoja na uso kama wa mbwa mdogo, wanajipepea kwa bawa moja. Wanakula matunda na kumwaga mbegu wanakoruka, kwa hiyo msitu una deni kwao.

Nikifika huko nile nini? Nimechoka na chipsi za hoteli. (Dada wa Tanga)

Swali lako nimelipenda kuliko yote. Anzia Konde asubuhi, kabla hujaingia msituni: chai ya mkandaa, yaani isiyo na maziwa, mkate wa kumimina ungali moto, na ukikuta pweza wa nazi usiulize bei mara mbili. Juisi iwe ya bungo. Mbungo ni mtambaa wa msituni. Tunda lake lina ganda gumu, na kokwa zake hurowekwa, zikasuguliwa kwa mkono, zikachujwa. Ukali wake unataka sukari, lakini mwambie muuzaji asiifanye sharubati.

Mchana tafuta shelisheli la nazi, lile tunda kubwa linalopikwa kama viazi. Mikahawani ni nadra, kwa hiyo mwombe mwenyeji wako mapema, na ukitaka kupika mwenyewe, chagua lililokomaa ila halijaiva, utomvu umekauka juu ya ganda. Limenye, toa moyo, kata vipande, chemsha kwa tui jepesi na chumvi. Likishalainika ndipo utie kasimile, yaani tui zito, moto mdogo, na usiache kukoroga, tui lisikatike. Samaki wa kuchoma pembeni, basi. Mimi huongeza pilipili mbichi moja nzima bila kuipasua. Mke wangu huitoa nisipotazama.

Naweza kuingia peke yangu bila mtembezaji? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Usifanye hivyo. Lipa kibandani mlangoni, wakupe mtu. Njia fupi haichoshi, lakini peke yako utapita chini ya miwale na mivule bila kujua unachokitazama. Waombe pia matembezi ya usiku, kwani Ngezi huisikia zaidi kuliko kuiona: yupo bundi mdogo wa Pemba asiyepatikana kwengine, na komba analia kama mtoto mchanga aliyeachwa. Mara ya kwanza nilimshika mkono mtembezaji, na sioni haya kusema.

Msimu gani mzuri, na tuvae nini? (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Juni mpaka Septemba njia ni kavu. Masika, Machi hadi Mei, ni tope. Viatu vya kufunga na mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Mkishuka ufukweni Vumawimbi, kanga mbili kwa heshima ya wenyeji. Ila huo msimu mkavu ndio wa kusi, upepo wa kusini, na mkondo wa Nungwi, baina ya Unguja na Pemba, huchafuka. Watoto wasipande boti na tumbo limejaa, na mkoba uwe na tangawizi na mifuko kadhaa. Mifuko zaidi kuliko tangawizi.