Dhahabu haiungi kitu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama tuyaonyeshe makovu yetu kwa fahari, jinsi Wajapani wanavyozipaka dhahabu nyufa za vyombo vyao katika ufundi wa kintsugi. Ningependa kwanza tujue kinachomponya huyo mgonjwa wa udongo, maana wahubiri na washauri nasaha wote hurukia dhahabu. Dhahabu haiungi kitu. Ikwangue yote, na bakuli litabaki limeshikana vilevile.

Kinachounga ni urushi, utomvu wa mti wa jamii moja na mwembe na mkorosho. Ukiwa mbichi hubabua ngozi ikatoka malengelenge. Wabanguaji wa korosho kule Mtwara hawahitaji maelezo zaidi. Fundi huvaa glavu, hukanda unga wa ngano na maji kidogo, kisha huongeza urushi kiasi kinachokaribia kulingana na kinyunya hicho, mpaka mchanganyiko uvutike kama ulimbo. Kabla ya hapo huwa ameshapanga vipande vikavu na kuvipa namba. Hupaka kingo zote mbili safu nyembamba, huiacha ipigwe na hewa kidogo, ndipo hubana. Akizidisha gundi kwenye kipande cha kwanza, kile cha mwisho hakitaingia mahali pake.

Wengi hudhani urushi hukauka kwa kuanikwa. La, unataka unyevu ndipo ugande. Chombo hufungiwa ndani ya sanduku lenye kitambaa kibichi, joto la nyuzi 20 hadi 30, unyevu wa asilimia 70 hadi 85, wiki mbili au zaidi. Hewa ikiwa kavu, gundi hubaki mbichi. Safu ikiwa nene, juu huganda upesi na kujikunja makunyanzi huku chini kungali maji, na dawa yake ni kukwangua na kuanza upya. Baada ya hapo mapengo hujazwa kwa urushi uliochanganywa na udongo laini, kidogo kidogo, kila safu ikisubiriwa na kupigwa msasa wa maji. Hufuata urushi mweusi, kisha mwekundu mwembamba sana. Huo mwekundu ukianza kunata ndipo poda ya dhahabu hunyunyizwa: mapema mno huzama na kufifia, ukichelewa hudondoka. Kazi ya miezi, na dhahabu yenyewe ni ya dakika chache.

Sasa kuna kisa kinachosimuliwa kila mahali kama chanzo cha kintsugi. Ashikaga Yoshimasa, shoguni (mtawala wa kijeshi wa Japani) wa karne ya 15, alikuwa na bakuli la seladoni, yaani kauri ya kijani, la Longquan, China, lililotengenezwa karne ya 13. (Vigae vya Longquan vimefukuliwa Kilwa na Gede pia, kwa hiyo vyombo hivi si vigeni kwetu.) Likapata ufa kitakoni. Akalituma China aletewe jingine kama hilo. Wachina wakajibu kwamba siku hizo halipatikani tena la namna ile, wakalirudisha limepigwa pini za chuma. Wasimulizi wa leo huongeza kwamba shoguni alichukizwa na zile pini, akawaamuru mafundi wake watafute njia nzuri zaidi, na dhahabu ikazaliwa.

Lakini bakuli lenyewe lipo, katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, na pini bado zipo. Halina dhahabu. Kazi ya pini nayo ina ustadi wake: hutobolewa matundu madogo pande mbili za ufa, yasifike upande wa pili, kisha miguu ya pini huingizwa humo ikivutana. Ni mabaka ya chuma juu ya kijani kilaini kabisa, huwezi kutoyaona. Na badala ya kuchukiza, ndiyo yaliyolipa bakuli jina, Bakohan, kwa kuwa watu waliyafananisha na nzige. Mwaka 1727 msomi Ito Togai akaliandikia historia yake. Limetunzwa, likathaminiwa, pini zake zikionekana.

Hapo ndipo ninapolegea. Nilikusudia kuwajibu kwamba mfano wenu ni wa uongo. Bakohan inasema kovu linaweza kuheshimiwa hata bila kupambwa, na hilo ni karibu na swali lenu kuliko nilivyotaka kukubali. Basi jibu langu ni ndiyo, kovu lionyeshwe, ila baada ya sanduku, yaani likishapona, si kabla. Siku hizi kuna vifurushi vya epoksi, gundi ya viwandani, na poda ya shaba vinavyompa mtu mstari wa kung'aa mchana mmoja. Huo ni mstari tu, na chombo hicho kisiliwe chakula. Hata kilichoungwa kwa urushi halisi hakiingii maikrowevu wala hakiinjikwi motoni. Tena bakuli halikuulizwa kama linataka kuonekana. Mtu lazima aulizwe. Asiyetaka naye hajakosea: Wajapani haohao wana mafundi wanaojaza ufa kwa rangi ileile ya chombo, usionekane kabisa, na kazi hiyo nayo, ikifanywa kwa urushi, hupitia sanduku lilelile kwa wiki zilezile.