Michungwa ya Kahe na udongo wa magadi

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina michungwa huku Kahe, wilaya ya Moshi. Majani machanga yanatoka madogo na membamba, njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe kijani. Nimeweka urea na kumwaga majivu ya jikoni kwenye mashina, hali inazidi. Nakosea wapi?
Mama mkulima, Kahe

JIBU: Marahaba, mama. Majivu yaache leo hii. Huko tambarare udongo wa sehemu nyingi una magadi. Utaona weupe juu ya ardhi maji yakishakauka. Mchungwa hustawi pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ikiwa kati ya 6 na 7. Ikipita 7.5, zinki na chuma hushikwa na udongo: madini yamo, mizizi haiyapati. Majivu yanazidi kuipandisha pH hiyo.

Urea nayo ni mbolea ya naitrojeni, sielewi inatibu nini hapa. Mti ukikosa naitrojeni huivuta kutoka majani ya zamani kulisha machanga, kwa hiyo njano huanzia kwa wazee. Zinki haihami hivyo. Ikikosekana, wanaoumia ni watoto. Chuma ni vivyo hivyo, ila jani lake huwa na ukubwa wa kawaida, limepauka, na mishipa myembamba kama wavu. Lako ni dogo na jembamba, nami naiona zinki.

Ila kunja jani katikati kwanza. Mabaka ya upande mmoja yasipolingana na ya upande wa pili, huenda ni ugonjwa wa griningi, na huo hautibiki kwa mbolea. Mwite afisa ugani kabla hujatoa hata shilingi.

Yakilingana, changanya gramu 45 za zinki sulfeti kwenye bomba la kupulizia la lita 15 lenye maji. Jaribu mti mmoja, kisha pulizia mingine jioni, majani machanga yakikaribia kukomaa. Machipukizi ya msimu ujao yatahitaji tena.

Hiyo ni nafuu ya majani tu. Chimba sentimita 30 chini ya ukingo wa matawi, miti kadhaa, changanya udongo, upeleke maabara wapime pH na sodiamu iliyomo kwenye magadi. Sodiamu ikiwa nyingi utahitaji jasi, madini yenye kalisi (kalsiamu), na inachimbwa hapo Makanya, Same. Kalisi yake huitoa sodiamu kwenye udongo, lakini lazima maji mengi yaisukume chini na pawe na mfereji wa kuyatoa shambani. Bila mfereji huo, usinunue jasi. Na maji unayomwagilia yapimwe siku hiyohiyo, maana yakiwa na magadi utakuwa unairudisha sodiamu kila ukimwagilia.