Usichape neno hilo kwenye kanga

Usichape! Kama umeshalipia, piga simu sasa hivi wasimamishe mashine, halafu urudi usome.

Umesema umekulia Toronto, wazazi wako watu wa Mombasa, unataka kanga za maonyesho zenye jina MIMI SHOGA, na unauliza kitambaa gani kinashika rangi. Maneno hayo hayo mimi niliyachapa London, 2019. Doti sitini. Pindo jeusi, mji wa korosho, herufi kubwa.

Aliyenishauri ni msimamizi wa ukumbi. Eti wapenzi wa jinsia moja wanaosema Kiingereza walilitwaa tusi walilotukanwa, queer, wakalivaa kama taji, na sisi tufanye vivyo hivyo. Kiswahili chake kilikuwa cha kamusi, nami nikamwamini kwa kuwa aliongea kwa uhakika. Hakujua, wala hakuuliza, kwamba Mombasa mwanamke humwita mwenzake hivyo kutwa: shoga, umeamkaje, shoga, niazime mwiko. Ni usahibu huo. Likimwangukia mwanamume, neno lile lile linaweza kumpigisha mawe. Na mwanamke anayempenda mwanamke, kama mimi, wala halimgusi sawasawa.

Shangazi yangu alikuja kunitembelea. Akaisoma kanga, akacheka kwa furaha, akadhani nimewatungia yeye na mashoga zake. Sikumwambia. Kosa langu kubwa ni hilo, fedha za doti sitini si kitu. Akarudi nayo Mombasa, akajifunga arusini, upande mmoja kiunoni, wa pili kichwani. Picha ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, imebandikwa pamoja na tangazo la maonyesho yangu. Mei ya mwaka ule Mahakama Kuu ya Kenya ilikuwa imekataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, na watu walikuwa bado wamewaka. Mwana wa kiume wa Shangazi, asiyejua hili wala lile, akazomewa mpaka akafunga duka siku tatu. Shangazi hakupokea simu yangu miezi minne.

Msimamizi naye akaniandikia kunipongeza kwamba kazi yangu "imezua mjadala". Mjadala! Yeye nani alimzomea?

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Jina la kanga lipite kwanza mdomoni mwa mwanamke wa kwenu anayevaa kanga kila siku, naye awe anajua unachokusudia. Chagua unayemwamini, umwambie yote. Kama hujampata wa kumwambia, hiyo kanga bado.

Nilipomwambia Shangazi, alikuwa anachagua mchele. Hakuinua macho. Alitoa mawe mawili, matatu, akayaweka ukingoni mwa sinia. Kisha akasema, "Kanga haipigi kelele, mwanangu. Kanga inafumba." Akanipa jina: WANGU NIMEMCHAGUA MWENYEWE.

Wangu. Mume au mke, lugha yetu haikulazimishi kusema, na anayehusika anaelewa. Hizo nilichapa thelathini. Moja anayo Shangazi, na safari hii anajua kila herufi inasema nini.