Lodi ndani ya Bunge la Makabwela?

Mkuu, umeuliza Lord Hartington, mwanasiasa wa Uingereza wa karne ya 19, alikaaje Bunge la Makabwela (House of Commons, la wabunge wa kuchaguliwa) ilhali alikuwa lodi. Cheo hicho kilikuwa cha heshima tu, hupewa mrithi wa Duke of Devonshire, yaani mtawala wa cheo cha juu cha ukabaila. Kisheria alihesabika mtu wa kawaida, ndiyo maana aligombea na kuingia bungeni 1857. Baba yake alipofariki 1891 akarithi udyuki, jumba la Chatsworth na ardhi tele mpaka Ireland, akahamia Bunge la Malodi.

Cha ajabu zaidi, uwaziri mkuu aliukataa mara tatu! Mwaka 1880 Malkia Victoria alimwita aunde serikali, naye akamjibu kuwa bila Gladstone, kigogo wa chama chao cha Liberal, haitawezekana. Wengi humwita mvivu, maana husimuliwa kwamba alipiga miayo katikati ya hotuba yake mwenyewe. Mimi hilo la uvivu silikubali, maana kwenye suala la Ireland, iliyokuwa chini ya Uingereza, alisimama imara. Mdogo wake, Lord Frederick Cavendish, aliuawa kwa kuchomwa visu Dublin, Ireland, mwaka 1882, siku ileile aliyofika kuanza kazi. Miaka minne baadaye, Gladstone akiwa waziri mkuu alipoleta mswada wa kuipa Ireland bunge lake, Hartington alimpinga waziwazi, mswada ukaanguka na Waliberali wakagawanyika.