Bustani ya mafundo: kwa nini mchoro hauonekani?

SWALI: Habari, mtaalamu. Niko Limuru, nina kiwanja cha mita 4 kwa 4 mbele ya nyumba. Nilitaka bustani ya viungo ya mafundo, ile ya Waingereza wa karne ya 16 ambayo mistari ya mimea hupishana kama ukili. Nimepanda rosemari na lavenda, lakini mchoro hauonekani, na lavenda inaoza shina. Nifanyeje?

JIBU: Dada, mimea umeichagua vizuri. Kijani kizito cha rosemari na kijivu cha lavenda hutofautishika hata ukiwa mbali. Shida ni makutano. Mistari yote miwili ikiendelea pale inapokutana, utaona kichaka tu. Mstari wa juu upite bila kukatika. Wa chini ukomee sentimita 15 kabla ya kuufikia, kisha uanze tena ng'ambo. Makutano yanayofuata, ugeuze: uliokuwa juu upite chini. Ukipogoa, acha ule wa juu urefuke kidogo hapo, ndipo fundo litakapoonekana.

Kwa kiwanja chako, miraba miwili iliyopishana inatosha. Pigilia kigingi katikati, funga kamba ya mita 1.8 na uchore duara. Juu ya duara weka vigingi 8, kila kimoja mita 1.38 kutoka jirani yake. Unganisha kigingi kimoja na cha pili yake, ukiruka kimoja: utapata mraba wa kwanza. Vinne vilivyobaki ni wa pili. Fuatisha mistari kwa majivu, upande miche kila sentimita 25.

Kuhusu kuoza: huko ni nchi ya chai, udongo una tindikali na hushika maji, ilhali lavenda imezoea miteremko mikavu yenye chokaa ya Mediterania. Inua tuta sentimita 20, changanya changarawe, na upime udongo kabla ya kuongeza chokaa ya kilimo. Samadi usiitie kwa wingi. Ikizidi, lavenda humea haraka na kulegea.

Pogoa kidogo kidogo, mara kwa mara, maana kwetu hakuna baridi ya kusimamisha ukuaji. Usikate hadi kwenye mti mkavu usio na majani, kwani rosemari na lavenda hazichipui tena hapo.

Nafasi za ndani jaza thaimu au giligilani. Mchaichai usiuweke, utafunika kila kitu. Mnanaa nao upande ndani ya chungu ulichokifukia, la sivyo mizizi yake itapenya hadi kwenye mistari.