Ukitaka tangazo la gari likae kichwani mwa watu

Fungua ukurasa wowote wa madalali wa magari, utakutana na maneno yaleyale: gari kali, gari haidai, imetunzwa, wahi. Ubaya wake si uongo. Ubaya ni kwamba yanaitosha Passo kama yanavyoitosha Land Cruiser, kwa hiyo hayashiki popote. Matangazo ya magari yanayotajwa mpaka leo yalisema jambo moja la gari lile tu, tena jambo ambalo mnunuzi angeweza kulihakiki.

Chukua lile la Volkswagen la mwaka 1960, kazi ya DDB, wakala wa matangazo wa New York. Picha ya Beetle isiyo na dosari ya kuonekana, chini yake neno moja: Limao. Mmarekani huita limao gari lililotoka kiwandani na ubovu. Msomaji anashtuka, anashuka kwenye maandishi, anakuta gari hilo lilizuiwa kupanda meli kwa sababu kipande cha kromu kwenye kisanduku cha dashibodi kilikuwa na doa, na mkaguzi Kurt Kroner akaliona. Kisha zinafuata namba: kiwanda cha Volkswagen cha Wolfsburg kina wakaguzi 3,389, na kwa siku yanatengenezwa magari 3,000. Wakaguzi wengi kuliko magari! Mpangilio nao ulisaidia. Picha ilichukua takriban theluthi mbili za ukurasa, kichwa kikawa kifupi, maelezo yakapangwa safu tatu. Ndio muundo wa Helmut Krone, mpangaji wa kurasa wa DDB, uliojulikana tangu tangazo la 1959 lililowaambia Wamarekani, wapenzi wa magari makubwa, wafikirie udogo.

Kwa gari lako, iga hivi: anza na kasoro ndogo ya kweli. "Bampa ya nyuma ina mkwaruzo wa sentimita 20" inamsimamisha mtu kuliko "ipo vizuri sana". Lakini kasoro peke yake haiuzi. Ifuatishe ushahidi: oili ilibadilishwa kwenye kilomita ngapi, tairi ni za mwaka gani (soma tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi, 2322 ni wiki ya 23 ya 2022), kadi ina jina la nani. Ukitaja mkwaruzo huku giaboksi inastua ikiingia D, mnunuzi ataligundua hilo mita kumi za kwanza na hataamini tena hata mkwaruzo. Na usiandike usichokijua. Anayesema IST yenye injini ya 1NZ "imebadilishwa taiming belti" amejianika, maana injini hiyo inatumia cheni.

David Ogilvy naye, mtunzi wa matangazo, mwaka 1958 alipopewa kazi ya kuitangaza Rolls-Royce alianza kwa kusoma, wiki tatu nzima. Kichwa alichokipata kilisema kwamba gari likiwa kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 96, sauti kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme. Hakukibuni, kilitoka kwa mhariri wa ufundi wa jarida la magari la Uingereza. Chini akaorodhesha hoja 13. Mojawapo ilisema kila injini huzungushwa kwa muda wa saa saba kwa nguvu zote kabla ya kufungwa kwenye gari. Nyingine, kwamba mafundi hutumia stethoskopu, kile kifaa cha daktari cha kusikilizia kifua, kusikiliza mvumo wa ekseli. Maneno "kifahari" na "tulivu" hayawezi kushindana na stethoskopu.

Umaarufu peke yake ni mtego. Mwaka 1988 Oldsmobile, chapa ya magari ya Kimarekani, ilitangaza kwamba hii si Oldsmobile ya baba yako. Msemo ukaenea Marekani nzima, watu wakautania kila kona, na mauzo yakaendelea kushuka. Chapa yenyewe ilifungwa 2004. Tangazo liliwachoma wateja wazee waliokuwa wakinunua, na vijana walipofika dukani hawakuona gari jipya kiasi hicho.

Kwenye video, kanuni ni kutokata. Volvo mwaka 2013 ilimweka mwigizaji Jean-Claude Van Damme katikati ya malori mawili yanayorudi nyuma, akapiga msamba bila picha kukatwa. Lengo lilikuwa kuonyesha usukani usioyumba, na kukata kungeua hoja. Yako ifanye asubuhi, injini ikiwa ya baridi, sekunde 60 mfululizo. Washa swichi bila kupiga stata, onyesha taa za dashibodi zikiwaka zote, ikiwemo ya airbag. Piga stata, zionekane zikizimika. Taa isiyowaka kabisa mwanzoni inatia shaka kuliko inayochelewa kuzima, kwa kuwa wapo wanaoing'oa. Kisha nenda ekzosi: moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kwa picha, rudi nyuma mita tano au sita, shusha simu usawa wa taa za mbele, tumia zumu ya 2. Ukisogea karibu pua ya gari inavimba.

Na bei iandike. "Bei njoo inbox" humfukuza mtu mwenye pesa taslimu na kukuachia wapiga soga. Tangazo la Ogilvy liliandika dola 13,995 waziwazi, na lilikuwa la Rolls-Royce. Kama unapunguza, andika "maongezi yapo" pembeni ya namba, si badala yake.